Tundu la Hedifoni: Kuutafuta Ubovu Kabla ya Kuifungua Simu

Katika hitilafu zinazoipata simu ya mkononi, chache hupotosha kama ile ya tundu la hedifoni, kwa kuwa dalili zake aghalabu hujitokeza mbali na tundu lenyewe. Spika hunyamaza ilhali ni nzima, mpigaji hulalamika kwamba hasikii ilhali maikrofoni haina neno, wimbo hukatika na kurukia mwingine, msaidizi wa sauti hujifungua mwenyewe, na pengine simu humpigia mtu aliyepigiwa mwisho bila ya yeyote kuigusa. Mwenye simu huyaona hayo akadhani spika imeungua au kirusi kimeingia, na fundi asiye na desturi ya kupima kwanza humbadilishia spika, kisha humfutia kila kitu na kuiweka programu upya, na ubovu ukabaki palepale fedha zikiwa zimekwisha kutoka. Jambo la kusikitisha ni kwamba sehemu kubwa ya hitilafu hizo huweza kutambuliwa bila kufungua hata skrubu moja, mradi anayechunguza aelewe tundu hilo limetengenezwaje na simu hulisomaje.

Simu nyingi za bei ya chini zinazouzwa Afrika Mashariki, zikiwamo nyingi za Tecno, Itel na Infinix ambazo zote ni chapa za kampuni ya Transsion ya Shenzhen, China, bado zina tundu hili la mviringo lenye kipenyo cha milimita 3.5, ingawa katika simu za bei ya juu limekwisha kutoweka. Mwanafunzi anayesikiliza somo katika chumba anacholala na wenzake, mlinzi wa usiku anayefuatilia taarifa ya habari bila kuwaamsha wenye nyumba, na msikilizaji wa redio ambaye simu yake haishiki mawimbi mpaka waya uchomekwe, wote hulitegemea kila siku. Watu hao ndio wasio na fedha za kubahatisha, na kwa hiyo ndio wanaostahili zaidi kuelezwa kwa ukamilifu namna ubovu huu unavyotafutwa.

Plagi inayoingia katika tundu hilo ina asili ya zamani. Ilianza katika mitambo ya simu za waya ya karne ya 19, pale ambapo opereta alikaa mbele ya ubao wenye safu za matundu na kuwaunganisha wazungumzaji kwa kuchomeka na kuchomoa nyaya kwa mkono, na wakati huo kipenyo chake kilikuwa milimita 6.35, yaani robo ya inchi, kipimo ambacho mpaka leo hutumika katika magitaa ya umeme na vikuza sauti. Redio ndogo za transista zilipoenea, plagi nayo ikapunguzwa, na mwaka 1979 kampuni ya Sony ya Japani ilipotoa Walkman yake ya kwanza, chombo cha kuchezea kaseti huku mtu anatembea, plagi ya milimita 3.5 yenye njia mbili za sauti ikasambaa duniani kote. Umbo hilo halijabadilika tangu hapo. Kilichoongezeka ni njia za umeme zilizomo ndani yake.

Plagi ikiangaliwa kwa karibu huonekana imegawanywa na pete nyembamba za plastiki, mara nyingi nyeusi, ambazo ni kihami, yaani kitu kisichopitisha umeme. Yenye pete mbili za kihami ina sehemu tatu za chuma na haina maikrofoni, na yenye pete tatu ina sehemu nne. Ncha hubeba sauti ya sikio la kushoto, sehemu inayoifuata hubeba ya sikio la kulia, na sehemu mbili zilizobaki hugawana kazi ya maikrofoni na ile ya athi, yaani njia ya pamoja ambayo umeme wa masikio yote mawili hupitia unaporudi kwenye simu. Mpangilio huo mdogo ukishikwa vyema hurahisisha nusu ya uchunguzi wote, kwa maana sikio la kushoto likinyamaza peke yake hutazamwa njia ya ncha, likinyamaza la kulia hutazamwa njia inayoifuata, na yote mawili yakinyamaza au yakitoa sauti isiyoeleweka hutazamwa athi.

Ndani ya tundu, kila sehemu ya plagi hukutana na kiguso chake, ambacho ni bamba jembamba la mchanganyiko wa shaba lililopakwa nikeli au dhahabu na kukunjwa kuwa springi ili libane plagi barabara. Mbali na viguso vya sauti huwamo kingine kimoja kinachofanya kazi ya swichi, na hicho ndicho kinachoiarifu simu kwamba plagi imeingia. Simu haina njia nyingine ya kulijua jambo hilo. Ikiarifiwa, huinyamazisha spika, huzihamishia sauti zote kwenye waya, huonyesha alama ndogo ya hedifoni juu ya kioo, kisha hupeleka umeme mdogo wa takriban volti 2 katika njia ya maikrofoni na kupima ukinzani, yaani kiasi ambacho kitu huuzuia mkondo wa umeme usipite, ambacho kipimo chake ni omu. Ukinzani ukiwa karibu na sifuri simu huamua kwamba plagi ni ya sehemu tatu, na hivyo huendelea kutumia maikrofoni yake yenyewe. Ukiwa omu 1,000 au zaidi huamua kwamba pana maikrofoni kwenye waya.

Njia hiyohiyo ya maikrofoni ndiyo inayobeba amri za vitufe vilivyo kwenye waya, na hapa ndipo penye siri ya zile simu zinazojiendesha zenyewe. Kwa mujibu wa vipimo vilivyowekwa kwa simu za Android, ukinzani wa omu 70 kushuka chini humaanisha kwamba kimebonyezwa kitufe cha kucheza, kusimamisha au kupokea simu. Omu 110 hadi 180 ni za kumwita msaidizi wa sauti. Omu 210 hadi 290 ni za kuongeza sauti. Na omu 360 hadi 680 ni za kuipunguza. Simu haiwezi kutofautisha kidole na kitu kingine chochote kinacholeta ukinzani wa kiasi hicho. Jasho likipenya tunduni na kutandaza utando mwembamba wa maji ya chumvi kati ya kiguso cha maikrofoni na cha athi, utando huo hupitisha umeme kidogo, na kadiri unavyokauka au kuongezeka ukinzani wake hupanda na kushuka, ukipita katika vipimo hivyo kimoja baada ya kingine. Sauti hujipunguza yenyewe, wimbo husimama, msaidizi huamka na kusubiri swali. Simu hapo inatekeleza kwa uaminifu kabisa amri ambayo haikutolewa na mtu, na kuifuta programu zake zote hakuwezi kuubadilisha hata kidogo ukinzani wa jasho.

Ubovu wa pili unaofanana na huo ni alama ya hedifoni kubaki juu ya kioo ilhali hakuna kilichochomekwa, na katika hali hiyo muziki hausikiki, na mazungumzo hayasikiki mpaka kitufe cha spika ya nje kibonyezwe. Chanzo ni kiguso cha swichi, ama kimeunganishwa na unyevu au uchafu unaopitisha umeme, ama springi yake imelala na haikurudi mahali pake plagi ilipochomolewa. Njia ya kuvitenga vyanzo hivyo viwili ni nyepesi: plagi safi huingizwa na kutolewa taratibu mara kadhaa, kwa sababu msuguano wake huvifuta viguso na kuistua springi iliyokwama, kisha simu huzimwa na kuwashwa upya. Alama ikiondoka na kurudi baada ya saa chache au baada ya kutoka jasho, ni unyevu. Ikibaki kwa siku zote bila kutetereka, yumkini springi imevunjika au kupinda, na hapo ndipo fundi anapohitajika.

Kabla ya kulituhumu tundu, hata hivyo, ni lazima waya uondolewe katika orodha ya washukiwa. Hedifoni inayotiliwa shaka huchomekwa kwenye simu nyingine iliyo nzima, na hedifoni nyingine iliyo nzima huchomekwa kwenye simu inayotiliwa shaka, na majaribio hayo hufanywa yote mawili kwa sababu moja peke yake huacha mwanya wa kukosea pale waya na tundu vinapokuwa vimechakaa kwa pamoja. Sikio linalonyamaza kwenye simu zote mbili ni ubovu wa waya, ambao kwa kawaida hukatikia pale unapotokea kwenye plagi, katika zile sentimita mbili tatu za mwanzo zinazokunjwa kila simu inapotiwa mfukoni. Mwenye multimita, kile kifaa cha kupimia umeme ambacho kila fundi wa redio anacho, anaweza kuthibitisha kwa kukiweka kipime omu, kisha akagusa ncha ya plagi kwa waya mmoja wa kifaa na sehemu ya athi kwa waya wa pili, ambayo katika hedifoni nyingi za sasa ni sehemu ya tatu kuanzia kwenye ncha. Hedifoni za kawaida nyingi husoma kati ya omu 16 na 32, na sikioni husikika mkwaruzo mdogo kila nyaya za kifaa zinapogusa. Kifaa kisiposoma chochote waya umekatika, na kikisoma karibu na sifuri nyaya zimegusana ndani.

Yapo pia mambo mawili yanayowaponyoka hata wazoefu. La kwanza ni kava la simu, ambalo likiwa nene huizuia plagi isizame yote, nayo ikibaki nje hata kwa milimita moja kila sehemu yake hukutana na kiguso kisicho chake. La pili ni mpangilio wa mizani ya sauti uliomo katika sehemu ya Ufikivu kwenye mipangilio ya simu, ambao kidole kikiupitia kwa bahati mbaya husukuma sauti yote upande mmoja. Kulitoa kava na kuitazama mizani hiyo huchukua dakika moja, na ni aibu kwa kazi ya ufundi simu kufunguliwa kabla ya hayo.

Kuna hitilafu moja inayostahili maelezo marefu, kwa sababu humfanya mtu aamini kwamba simu yake imeharibika vibaya ilhali pengine haina ubovu wowote. Muziki husikika, ngoma na vyombo vya pembeni vipo, lakini sauti ya mwimbaji imetoweka au inasikika kwa mbali kana kwamba anaimba ndani ya kisima. Katika hotuba au mahubiri mzungumzaji karibu hasikiki kabisa. Asili yake ni kwamba ile sehemu ya tatu na ya nne ya plagi haikupangwa kwa namna moja na watengenezaji wote. Upo mpangilio uitwao OMTP, uliotumika katika simu za Nokia za awali, baadhi ya simu za Sony Ericsson na bidhaa nyingi zilizolengwa soko la China, ambao huiweka maikrofoni katika sehemu ya tatu na athi katika ya nne. Na upo uitwao CTIA, uliofuatwa na Apple na kisha na karibu simu zote za sasa, ambao huvigeuza viwili hivyo. Hedifoni ya mpangilio mmoja ikichomekwa katika simu ya mpangilio mwingine hukosa athi, na umeme wa sikio la kushoto, kwa kukosa njia ya kurudia, hupita katika sikio la kulia. Matokeo yake ni kwamba masikio hupokea tofauti tu iliyopo kati ya sauti ya kushoto na ya kulia, na kwa kuwa mwimbaji hurekodiwa kwa usawa pande zote mbili ili asikike katikati, tofauti yake ni sifuri na sauti yake hufutika.

Dawa ya kuutambua mkanganyiko huo imo katika waya wenyewe. Kitufe cha kupokelea simu kilichopo kwenye waya kikibonyezwa na kushikiliwa, huziunganisha njia ya maikrofoni na ya athi, umeme hupata pa kurudia, na mwimbaji hurejea papo hapo kwa muda wote ambao kidole kimekaa. Likitokea hilo, tundu ni zima na kinachotakiwa ni hedifoni ya mpangilio unaolingana na simu, au kipande kidogo cha kugeuza mpangilio ambacho huuzwa pamoja na vifaa vya simu. Lakini ikiwa hedifoni iliyokuwa ikifanya kazi vizuri katika simu hiyohiyo imeanza ghafla kumpoteza mwimbaji, basi mpangilio si wa kulaumiwa. Ni kiguso cha athi kilichochafuka au kulegea, au kuna uchafu ulioshindiliwa kwenye kina cha tundu unaoizuia plagi isifike mwisho.

Uchafu huo ndio chanzo cha kawaida kuliko vyote. Nyuzi za kitambaa cha mfukoni, vumbi la barabarani na makombo hujikusanya tunduni, na kila plagi inapoingia huyasukuma chini na kuyashindilia, mpaka yakawa kizibo kigumu ambacho hakionekani bila kumulikwa. Simu huzimwa kwanza, hushikwa tundu likitazama chini ili kinachotoka kianguke, kisha kijiti cha meno cha mti, kilichochongwa kikawa chembamba, huzungushwa taratibu katika kina cha tundu na kuyavuta makombo nje bila kuvikandamiza viguso vya pembeni. Pini, sindano na kipande cha waya wa chuma havifai, kwa kuwa hukwaruza dhahabu iliyopakwa kwenye viguso na kuiacha shaba wazi kwa kutu, na mara nyingi huipinda springi moja kwa moja. Kupuliza kwa mdomo huingiza mate, na kompresa ya gereji ina nguvu kupita kiasi na hewa yake hubeba mafuta na maji. Pampu ndogo ya mpira inayotumiwa na mafundi kamera na simu inatosha.

Panapokuwa na ukungu wa kijani au weusi juu ya viguso, makombo si tatizo tena, maana hiyo ni kutu ya shaba. Hutumika alkoholi ya isopropili yenye nguvu ya asilimia 90 au zaidi, matone machache tu juu ya pamba iliyosokotwa kwenye kijiti, na simu huachwa imezimwa kwa saa moja au mbili ili ikauke kabisa. Pafyumu haifai kwa sababu ya mafuta yake, na jeli ya kutakasia mikono, ambayo ilienea sana mwaka 2020, ni mbaya zaidi, kwa kuwa aghalabu huwa na gliserini inayobaki ikinata na kukusanya vumbi jipya.

Kwa wakazi wa pwani, kuanzia Mombasa na Tanga hadi Dar es Salaam na Zanzibar, liko jambo moja la kemia linaloeleza kwa nini simu iliyolowa jasho au maji ya bahari hupona mchana na kuugua tena usiku. Chumvi ya kawaida huvuta maji kutoka hewani na kuyeyuka yenyewe unyevu wa hewa unapopita takriban asilimia 75, na hewa ya pwani hukipita kiwango hicho mara kwa mara, hasa usiku na alfajiri. Simu ikianikwa juani maji huondoka lakini chumvi hubaki juu ya viguso, na jua linapotua chumvi hiyo hujitengenezea maji mapya, alama ya hedifoni ikarudi juu ya kioo. Kukausha peke yake, kwa hiyo, hakutoshi. Chumvi inapaswa kuondolewa kwa alkoholi, na ifanywe mapema, kwa sababu ule umeme mdogo wa maikrofoni unaopita katika unyevu wa chumvi huila shaba ya viguso kwa kasi wakati wote simu ikiwa imewashwa. Desturi ya kuitumbukiza simu ndani ya mchele, ambayo imeenea mno, haiondoi chumvi hata chembe, na Apple yenyewe mwezi Januari 2024 iliwaonya wateja wake waiache, ikieleza kwamba vipande vidogo vya mchele huweza kuiharibu simu.

Tundu likiwa safi na kavu, na hedifoni nzima bado zikisikika pale tu plagi inaposukumwa upande mmoja, ubovu umo katika chuma. Plagi iliyonyooka hutokeza nje na kufanya kazi ya wenzo: kila simu inapowekwa mfukoni plagi ikitangulia chini, au waya unapovutwa wakati wa kutembea, nguvu ndogo kwenye mwisho wa waya hugeuka kuwa nguvu kubwa kwenye kingo za tundu. Kwa muda mrefu springi hupanuka na kushindwa kubana, au lehemu, yaani ile risasi inayoliunganisha tundu na bodi, hupasuka kwa ufa mwembamba usioonekana kwa macho. Plagi iliyopinda kwa pembe ya mraba hupunguza sana madhara hayo, na anayenunua hedifoni mpya afikirie umbo hilo kabla ya rangi. Ncha ya plagi ikikatikia ndani, si vyema kujaribu kuinasa kwa gundi kama wengi wanavyoshauriana, kwa kuwa tone moja likigusa springi hulifanya tundu zima lisifae.

Redio nayo ni chombo kizuri cha uchunguzi. Mawimbi ya FM, yanayoanzia megahezi 87.5 hadi 108, yana urefu wa karibu mita 3, na antena inayoyanasa vizuri huhitaji angalau robo ya urefu huo, takriban sentimita 75, urefu usioweza kukaa ndani ya simu kwa urahisi. Ndiyo maana simu nyingi huutumia waya wa hedifoni, ambao kwa kawaida hukaribia mita 1.2, kuwa antena, kupitia kiguso cha athi. Programu ya redio ikidai hedifoni zichomekwe ilhali zimechomekwa, swichi ya tundu haifanyi kazi. Ikifunguka lakini ikatoa mvumo mtupu mahali ambapo simu nyingine hushika stesheni barabara, athi ndiyo ya kutazamwa. Hedifoni za Bluetooth haziwezi kuziba pengo hilo, kwa sababu hazina waya wa kunasa mawimbi, na msikilizaji wa vijijini ambaye fundi amemwambia atumie Bluetooth tu amenyang'anywa redio yake bila kujulishwa.

Matengenezo yenyewe hutegemea mahali tundu lilipofungwa. Katika simu nyingi limewekwa juu ya bodi ndogo ya chini, pamoja na tundu la chaji na maikrofoni, na bodi hiyo huuzwa nzima katika maduka ya vipuri ya Kariakoo jijini Dar es Salaam au Luthuli Avenue jijini Nairobi, na kubadilishwa kwa skrubu bila moto wowote. Katika nyingine limefungwa kwenye utepe mwembamba unaopitisha umeme, na kazi yake ni nyepesi vilevile. Lililolehemiwa moja kwa moja kwenye bodi kuu ndilo gumu, kwa kuwa hulazimu kutumia blowa ya hewa ya moto karibu na vipuri vingine vidogo na plastiki inayoyeyuka, na hapo uzoefu wa mkono wa fundi huwa na thamani kuliko bei ya kipuri. Mwenye simu aulize tundu la simu yake limefungwa wapi kabla ya kukubaliana bei, maana kazi hizo tatu hazilingani.

Anayeamua kutotengeneza ana njia ya kutumia tundu la USB-C kupitia kigeuzi. Vigeuzi hivyo ni vya aina mbili zinazofanana kwa sura: kimoja ni waya mtupu unaosubiri simu itoe sauti iliyokwisha kuwa tayari, jambo ambalo simu nyingi haziwezi, na kingine kina saketi ndogo inayobadili taarifa za kidijitali kuwa mawimbi ya sauti, nacho hufanya kazi katika simu nyingi zaidi. Kijaribiwe dukani, kwenye simu husika, kabla ya fedha kutolewa. Matumizi ya vigeuzi yaliota mizizi baada ya Apple kuitangaza iPhone 7 bila tundu la hedifoni mwezi Septemba 2016, na hoja inayotajwa mara kwa mara kwamba tundu hilo halipatani na simu isiyoingia maji haina uzito, kwani Galaxy S7 ya Samsung, iliyotoka mwaka huohuo, ilistahimili maji ya kina cha mita 1.5 kwa dakika 30 ikiwa na tundu lake. Kuliondoa ulikuwa uamuzi wa kibiashara na wa nafasi ndani ya simu, na gharama yake imebebwa na mtumiaji.

Kwa anayepeleka simu kwa fundi, ombi ni kwamba asiipokee wala kulipa mpaka ajaribu mwenyewe, mbele ya fundi, kwa hedifoni alizokuja nazo: sikio la kushoto, sikio la kulia, sauti ya mwimbaji, maikrofoni ya waya kwa kupiga simu, kitufe, redio, na mwisho achomoe plagi na kuhakikisha alama imetoweka na spika imerudi. Kipuri kilichotolewa akabidhiwe mkononi.